Nambari inayoyapa magofu na makaburi ya kale uhai serikalini

WAKAZI wa Turkana huyaita maeneo yenye nguzo za mawe zilizosimikwa na watu wa kale kwa jina moja: Namoratunga, yaani watu wa mawe. Masimulizi ya huko yasema kuwa nguzo hizo ni binadamu waliogeuka mawe. Jina ni tamu masikioni, lakini limewatatiza wataalamu kwa miaka mingi. Kuna Namoratunga ya karibu na Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, na kuna Namoratunga ya Lokori, iliyo mbali zaidi upande wa kusini. Wasomi wa miaka ya 1970 waliziita Namoratunga ya kwanza na ya pili, kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja, na nadharia nyingi zikajengwa juu ya udugu huo.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ndugu hao hawakuzaliwa zama moja. Nguzo za Kalokol ni za wafugaji wa mwanzo walioishi kandokando ya ziwa hilo miaka ipatayo 5,000 hadi 4,000 iliyopita. Makaburi ya Lokori ni ya watu wa baadaye sana. Anayesoma kitabu cha zamani na kukuta neno Namoratunga pekee hawezi kujua ni wafu gani wanaozungumziwa, wa Kalokol au wa Lokori.

Katika daftari la maeneo ya kale hakuna utata kama huo. Eneo la nguzo la Kalokol linajulikana kwa alama GcJh3. Hakuna mahali pengine barani Afrika penye alama hiyo, na hapatakuwepo.

Alama za aina hii huwakanganya wengi wanaozikuta katika ripoti za akiolojia au katika vibandiko vya makavazi. Hudhaniwa kuwa ni siri za wataalamu, au vifupisho vya majina ya Wazungu waliochimba. La hasha. Ni anwani tu, na mtu yeyote mwenye ramani nzuri na subira kidogo anaweza kuisoma.

Mtindo huo uliasisiwa na mwanaakiolojia Charles Nelson, aliyeuchapisha mwaka 1971 ili utumike katika bara zima la Afrika. Kanada ilikuwa na mtindo unaofanana nao uliobuniwa na Charles Borden mwaka 1952. Nelson aliligawa bara kwa miraba mikubwa, kila mmoja ukiwa na upana wa digrii sita na urefu wa digrii sita. Kila mraba una herufi mbili kubwa. Ya kwanza huonyesha umbali kutoka kaskazini kwenda kusini, na ya pili kutoka magharibi kwenda mashariki. Kisha kila mraba mkubwa hukatwa vipande 24 kwa 24, na kila kipande hupewa herufi ndogo mbili, kuanzia a hadi x. Kipande kimoja ni robo ya digrii kila upande, yaani kilomita zipatazo 28 karibu na Ikweta.

Sehemu kubwa ya Kenya imo ndani ya mraba wa G na J. G huanza digrii nne kaskazini mwa Ikweta na kukomea digrii mbili kusini mwake. J huanza digrii 34 mashariki na kukomea digrii 40. Ndiyo maana alama nyingi za maeneo ya Bonde la Ufa huwa na herufi hizo mbili kubwa. Lamu, iliyo kusini mwa digrii mbili na mashariki mwa digrii 40, huangukia katika H na K, ilhali Mombasa, isiyofika digrii 40, imo katika H na J.

Kwa mfano, mtu aliyesimama juu ya kilima cha Lukenya, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, yuko digrii moja na dakika 28 hivi kusini mwa Ikweta, na digrii 37 na dakika chache mashariki. Akihesabu vipande vya robo digrii kutoka mpaka wa juu wa G, atajikuta katika kipande cha 22, yaani v. Akihesabu kutoka mpaka wa magharibi wa J, atafika cha 13, yaani m. Anwani yake ni GvJm. Kinachobaki ni nambari ya mwisho, nayo hutolewa kwa zamu ya kusajiliwa. Eneo la kwanza kusajiliwa katika kipande hicho ni 1, linalofuata 2, na kuendelea. Nambari hiyo haipimi ukubwa wala thamani ya eneo. GvJm22 si bora kuliko GvJm46. Lilitangulia foleni tu.

Jambo jingine la manufaa ni kwamba ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo wapimaji ardhi wamezitumia kwa miongo mingi, nazo zimekatwa kwa robo ya digrii kila upande. Kwa hiyo kila jozi ya herufi ndogo inalingana na karatasi moja ya ramani. Karani mwenye ramani hizo hahitaji hesabu ngumu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini maeneo hayakupewa nambari kulingana na wilaya au mikoa. Nchini Marekani, kwa mfano, nambari huanza na tarakimu ya jimbo, Texas ikiwa 41, kisha herufi za kaunti, kisha zamu ya eneo lenyewe. Mtindo huo umewafaa Wamarekani kwa sababu mipaka yao ya ndani imetulia. Kenya haikuwa na utulivu huo. Wilaya zilikatwa na kukatwa tena, na baada ya Katiba ya mwaka 2010 mikoa minane iliondoka na kaunti 47 zikashika nafasi mwaka 2013. Nambari iliyojengwa juu ya Mkoa wa Bonde la Ufa ingekuwa leo imepoteza maana. Mistari ya latitudo na longitudo haipigiwi kura.

Hata majina ya kijiografia hubadilika. Ziwa Turkana liliitwa Rudolf hadi mwaka 1975, na maandishi ya wakati huo kuhusu Koobi Fora huzungumzia East Rudolf. Eneo maarufu la zana za mawe lililopewa jina la KBS, kutokana na herufi za jina la mtaalamu Kay Behrensmeyer, lilikuwa FxJj1 kabla ya ziwa kubadilishwa jina na likabaki FxJj1 baadaye. Nyayo za binadamu wa kale zilizotangazwa mwaka 2009 kutoka Ileret, zenye umri wa miaka milioni 1.5, zinajulikana kama za eneo la FwJj14E.

Hapa pana kosa moja linalofanywa mara kwa mara, hata na waandishi wa habari. Nambari ya eneo si nambari ya kitu kilichotoka katika eneo hilo. Fuvu mashuhuri la KNM-ER 1470, lililopatikana mwaka 1972, lina nambari ya kifaa katika hifadhi ya makavazi Nairobi. Herufi ER ni za East Rudolf, na zimeachwa hivyo makusudi ingawa jina hilo limekwisha kufa, kwa sababu kubadilisha nambari moja ni kuvuruga kila kitabu, kila kisanduku na kila kibandiko kilichoitaja.

Faida ya utaratibu huu inaonekana vizuri zaidi huko Lukenya. Kilima hicho kina maeneo mengi ya kale, baadhi yakiwa mapango madogo chini ya miamba, mengine yakiwa uwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaakiolojia walichimba GvJm22 na kupata, pamoja na zana za mawe na mifupa ya wanyama, kipande cha fuvu la binadamu. Kikahifadhiwa Nairobi. Miaka ikapita, na wengi wakakisahau.

Mwaka 2015 kundi la wataalamu lilichapisha matokeo mapya kuhusu fuvu hilo. Walirudi katika hifadhi, wakatafuta vilivyotoka GvJm22, wakavipima upya na kubainisha kuwa fuvu hilo lina umri wa miaka ipatayo 23,000, kipindi ambacho mabaki ya binadamu ni adimu mno katika Afrika Mashariki. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila kilichotoka katika pango lile kilikuwa na nambari ileile. Lau masanduku yangeandikwa Lukenya tu, fuvu lingechanganyika na vitu vya mapango mengine ya kilima hichohicho, na ushahidi wa umri wake ungepotea bila mtu kuiba chochote.

Je, nambari huombwa vipi, na nani anayeruhusiwa kuiomba?

Kwa kawaida waombaji ni watafiti na wanafunzi wa vyuo vikuu. Hao hawana budi kwanza kupata leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na kushirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kuchimba kunahitaji leseni ya pekee. Wengine ni washauri wanaotathmini athari za miradi ya ujenzi kwa mazingira, kama inavyotakiwa na sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999. Wote hao hupeleka maombi yao kwa makavazi, ambayo ndiyo yenye daftari. Mtafiti hajipi nambari mwenyewe. Akifanya hivyo, wawili walio katika kipande kimoja cha ramani watatumia nambari moja kwa maeneo mawili, na vurugu itarudi palepale.

Ombi zuri huanza na mahali penyewe. Vipimo vya latitudo na longitudo vichukuliwe papo hapo kwa kifaa cha setilaiti, si kwa kukisia kutoka barabarani. Hata hapo pana mtego. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS84. Tofauti kati ya misingi hiyo miwili hapa nchini inakaribia mita 300. Umbali huo si kitu kwa msafiri, lakini kwa eneo lililo ukingoni mwa mraba unaweza kulihamisha kutoka herufi moja hadi nyingine. Mwombaji asipotaja msingi aliotumia, karani hana njia ya kujua.

Baada ya vipimo hufuata maelezo. Watu wa hapo hupaitaje? Mmiliki wa shamba ni nani, na eneo limo katika lokesheni na kaunti gani? Ni nini kinachoonekana juu ya ardhi: vigae vya vyungu, vipande vya mawe yaliyochongwa, majivu ya zizi la kale, ukuta wa matumbawe, kaburi? Vimeenea umbali gani? Kuna mmomonyoko, machimbo au kilimo kinachopaharibu? Picha ziambatishwe, na mchoro hata wa kalamu. Jina la mwandikaji na tarehe visikosekane, kwa maana eneo lililoelezwa kabla ya mvua kubwa huenda likawa na sura nyingine baada yake.

Kazi ya karani si kutoa nambari tu bali pia kukataa. Sharti akague kama eneo hilo lilikwisha kusajiliwa na mtafiti mwingine aliyelikuta miaka 40 iliyopita akitokea upande wa pili wa mto. Aidha, mara nyingi huzuka ubishi kuhusu mpaka: je, vigae vilivyotapakaa mita 200 kutoka kwenye kilima ni eneo jipya au ni ukingo wa lilelile? Hakuna kanuni inayomaliza ubishi huo. Wengine huongeza herufi ya mwelekeo baada ya nambari ya zamani, kama ilivyofanyika Ileret, ili kuonyesha kuwa ni sehemu ya eneo moja pana.

Ni muhimu kufahamu kuwa nambari si ulinzi. Eneo hulindwa kisheria pale waziri anapolitangaza kuwa mnara wa kitaifa katika Gazeti Rasmi la Serikali, chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na wenye pingamizi wakapewa nafasi ya kusikilizwa. Njia hizi mbili hazitegemeani. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yalitangazwa mwaka 1927, miaka zaidi ya 40 kabla ya Nelson kuchora miraba yake. Yaliingia katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2024. Orodha hiyo nayo ina nambari zake. Mji wa Kale wa Lamu, uliosajiliwa mwaka 2001, ni 1055. Kwa upande mwingine, yapo maeneo mengi mno yenye nambari za Nelson ambayo hayajawahi kutajwa hata mara moja katika Gazeti Rasmi.

Basi kuna faida gani? Jibu liko Nyanza. Boma la mawe la Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori liliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2018, na sasa wageni huenda kulitazama. Lakini Thimlich si pekee. Uchunguzi uliofanywa katika eneo zima la Ziwa Victoria ulihesabu miundo 521 ya mawe ya aina hiyo katika maeneo 138. Mingi imo katika mashamba ya watu. Mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji ni rahisi kubeba, na mkulima anayehitaji ukuta wa zizi au msingi wa nyumba hana sababu ya kwenda mbali. Ukuta ukiondoka na ulikuwa umeandikwa, angalau itajulikana ni nini kilichokuwepo, wapi na cha ukubwa gani. Usipoandikwa, hata hasara yenyewe haitajulikana.

Ndivyo ilivyo pia kwa barabara, mabomba na nyaya za umeme. Mhandisi anayechora njia mezani hutazama kile kilichomo katika ramani na madaftari. Mahali panapojulikana na wazee wa kijiji pekee hapamo. Kuhamisha barabara kwa mita 50 ni jambo jepesi mradi ukiwa bado ni mchoro, na ni jambo lisilowezekana tingatinga likishafika.

Yapo mashaka ya haki kuhusu kuandika. Daftari linaloonyesha mahali hasa palipo na makaburi ya kale laweza kuwa mwongozo wa wezi. Kwa sababu hiyo vipimo kamili vya maeneo dhaifu havifai kutangazwa kiholela, na machapisho mengi ya kitaalamu hutoa ramani za jumla tu. Ukimya, hata hivyo, haujawahi kumzuia mwizi. Vigango, zile nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimikia wazee waliofariki wa chama cha gohu, viliibwa kwa wingi vikauzwa ng'ambo. Viwili kati yavyo vilipatikana katika makavazi mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikakabidhiwa tena jamii yao. Kilichovitambulisha ni picha iliyopigwa mwaka 1985, vikiwa bado vimesimama mahali pake. Vile ambavyo havikuwahi kupigwa picha wala kuandikwa ni vigumu kuvidai, hata vikionekana wazi nyuma ya kioo.

Raia wa kawaida hana haja ya kujifunza herufi za Nelson. Sheria ya 2006 inamtaka anayegundua mahali au kitu cha kale kutoa taarifa kwa makavazi katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na namna alivyokigundua. Si lazima asafiri hadi Nairobi. Yako makavazi Lamu, Malindi, Mombasa, Kisumu, Kitale, Kapenguria, Kabarnet, Narok, Meru, Wajir na Loiyangalani, na asiyeyafikia anaweza kuanza kwa chifu. Asichimbe zaidi, asioshe kitu, wala asikusanye vigae katika gunia ili avipeleke kama ushahidi. Kigae kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Picha ya simu ikionyesha kitu kikiwa ardhini, pamoja na kitu cha kawaida kama jembe au kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane, yatosha.

Wengi hukaa kimya kwa hofu ya kunyang'anywa shamba. Hofu hiyo inaeleweka, hasa katika nchi yenye historia ya ardhi kama Kenya, lakini inachanganya mambo. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali kisheria, viwe na nambari au visiwe nayo. Hati ya shamba ni jambo jingine. Kusajiliwa kwa eneo katika daftari la makavazi hakubadilishi jina lililo katika hati hiyo, hakumzuii mwenyewe kulisha mifugo wake hapo, na hakumpi mgeni yeyote ruhusa ya kuingia bila idhini yake. Mtafiti anayefika akiwa na leseni bado atabisha hodi.